Utepe wa Dawa ya Wazima

Msijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Afueni kwenye ramani. Haipo. Ingekuwepo ningeogopa kuisimulia, na nyinyi mngeogopa kunisikiliza. Ni nchi ya kubuni kabisa, yenye mvua za kubuni, mbu wa kubuni, na viongozi ambao kwa kweli hakuna mtu angeweza kuwabuni. Mimi nimekaa huko tangu nizaliwe, katika kijiji cha Kitopeni. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya serikali nitayaeleza kama nilivyoyaona, siyo kama yalivyotangazwa.

Zamani tulikuwa na Wizara ya Afya kama nchi za watu. Lakini kila ikitajwa, wananchi walikuwa wanakumbuka wagonjwa. Mkuu wa nchi akaona hiyo ni fedheha kwa taifa. Akaivunja, akaunda Wizara ya Afya ya Wazima. Wagonjwa wakapelekwa Kitengo cha Mambo Mengineyo, pamoja na mbwa wasio na wenyewe na maombi ya madaraja. Sisi tulipiga makofi. Kwetu tunapiga makofi kwanza, tunauliza baadaye, na baadaye yenyewe haijawahi kufika.

Mpango wa kwanza wa wizara hiyo ulikuwa kugawa dawa ya malaria kwa watu ambao hawaumwi. Hapa nataka nitende haki: wazo lilikuwa zuri. Ndilo wazo zuri pekee lililowahi kutoka kule, na mpaka leo wameunda tume kuchunguza lilivujaje.

Aliyelielewa kijijini alikuwa mke wangu, Mwanamvua binti Shomari. Alikuwa akikaanga vitumbua kwenye kibanda mbele ya nyumba yetu, na mtu akija kununua anaondoka na vitumbua na somo. Mwenye kumpinga alikuwa jirani yetu Siwatu, ambaye hununua kitumbua kimoja na kukaa asubuhi nzima.

"Mama Shani, mimi siumwi," Siwatu alimwambia siku moja. "Nimeze dawa ya ugonjwa nisio nao? Si ndio kuuita huko? Njoo bwana malaria, nyumba ipo wazi!"

"Wewe gauni la ndani unalifua?"

"Nalifua, kwa nini nisilifue?"

"Mbona halionekani?"

Watu wakacheka mpaka kibanda kikataka kuanguka. Siwatu akajifunga khanga upya, kama kwamba kuna mtu amechungulia.

"Sikiliza shoga yangu," Mwanamvua akaendelea, anageuza kitumbua. "Kijidudu kinakaa kwenye damu yako kimya, wewe huna homa, unacheza ngoma. Mbu anakuja kwako, anapakia, anakwenda kushusha kwa mtoto wa jirani. Wewe unacheza, mtoto wa jirani anatetemeka."

"Kwa hiyo mimi ndio mbu?"

"Mbu ni gari. Wewe ndio stendi."

Toka siku hiyo Siwatu akaitwa Bi Stendi. Alinuna, lakini vitumbua hakuacha kununua.

Mwanamvua alikuwa na jambo moja tu alilolitaka: Kitopeni nzima imeze kabla mvua hazijashika. "Wakimeza nusu ni kazi bure, Baba Shani," aliniambia. "Na huyu Siwatu asipomeza, na wale wanaomwangalia Siwatu hawamezi."

Dawa zikaja. Makasha yakashushwa zahanati, yakapangwa mezani vizuri, na juu yake Mtendaji wetu wa kijiji, Bwana Tindwa, akafunga utepe mpana wa rangi za taifa wenye ua katikati. Akatukusanya.

"Ndugu wananchi! Dawa imefika! Naomba makofi kwa kufika kwake!"

Tukapiga.

"Lakini dawa hii kwa sasa ni dawa tu. Haijawa huduma. Itakuwa huduma pale tu mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri mwenyewe, atakapokata utepe na kumeza kidonge cha kwanza kwa niaba ya taifa. Mtu akiimeza kabla ya hapo, kitaalamu hajameza. Amekula."

Akawekwa mgambo, Feruzi, kijana wa hapa kijijini, aulinde utepe kwa rungu. Nilimwona kwa macho yangu akiupigia saluti.

Na kwa kuwa mgeni rasmi ni Waziri wa Wazima, ikaonekana si heshima aingie zahanati akute dawa za wagonjwa. Atadhani tuna wagonjwa. Basi dawa za wagonjwa zikafungwa kwenye viroba, zikarudishwa wilayani. Kitanda cha kulaza kikapelekwa ofisini kwa Mtendaji, kwa usalama wake.

Tukaanza kumngoja mgeni rasmi. Tulifyeka majani, tukapaka mawe chokaa. Barabara ya kwenda wilayani, ambayo tangu uhuru ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vumbi, ikamwagwa kifusi kipya na kushindiliwa ikang'aa. Kisha ikafungwa kwa magogo, isikanyagwe na mtu mpaka msafara wa Waziri upite wa kwanza. Sisi tulikuwa tukipita bondeni kwenye matope, tunaitazama barabara yetu kwa mbali kama bibi harusi.

Waziri hakutokea. Ilisemekana yuko nchi moja ya baridi, kwenye mkutano wa mbu. Huko mbu hawapo, ndiyo sababu walikuwa na nafasi ya kumkaribisha. Halafu akaenda nchi nyingine kushukuru kwa mkutano ule. Majani yakaota, tukafyeka. Chokaa ikafutika, tukapaka. Mvua za kwanza zikaanza kudondoka.

Mtendaji Tindwa hakutaka tukae bure. Akaanzisha mazoezi ya kumeza. Kila Ijumaa jioni tulipanga mstari uwanjani, kila mtu na punje yake ya njugu mkononi, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa chini ya utepe.

"Weka mdomoni! Maji! Meza! Ulimi nje!"

Kisha anaita jina, na aliyeitwa akishatoa ulimi, umma wote unajibu kwa sauti moja: "Amemeza!" Anaita mwingine: "Amemeza!" Anayejibu chini chini anarudishwa nyuma ya mstari na njugu nyingine. Mwisho wa zoezi Tindwa anakumbusha: "Siku yenyewe, fanyeni vilevile atakavyofanya mgeni rasmi. Hatua kwa hatua! Asionekane yeye anafanya hivi na nyinyi mnafanya vile. Itakuwa uasi."

Kwa njugu tulifaulu ajabu. Hata Siwatu alimeza, tena alirudia foleni.

"Mambo ya kipuuzi haya," Mwanamvua aliniambia tukirudi nyumbani, "lakini waache wazoee. Dawa yenyewe ikija hawatashtuka. Mimi na wewe tutameza mbele, Siwatu akiona."

Tindwa naye alikwishamchagua Mwanamvua kuwa mwananchi wa mfano, wa kumeza mara tu baada ya Waziri. Mke wangu akafua khanga yake mpya ya siku hiyo, ambayo haikuwa imechafuka.

Mvua ziliposhika, Mwanamvua alishikwa na homa. Alianza kwa kutetemeka akikaanga, mafuta yakamrukia mkononi, akacheka. Jioni hakucheka. Alfajiri nilimbeba kwenye baiskeli mpaka zahanati.

Tabibu wetu, Bwana Mbaruku, si mtu mbaya. Alimpima, akaangalia kile kipimo, akakigeuza, akakiangalia tena kana kwamba upande wa pili kimeandikwa nafuu.

"Ni malaria, Mzee Ngwali. Na ni kali."

"Haya, dawa."

"Dawa ya wagonjwa imerudi wilayani."

"Na zile pale mezani?"

"Zile za wazima."

"Ni dawa nyingine?"

Mbaruku akashusha sauti. "Ni ileile. Kwa duka la dawa ni ileile. Kwa utawala ni nyingine. Huyu mama ana homa, maana yake ana dalili. Waraka unasema wasio na dalili."

"Angekuja juzi hana homa?"

"Juzi angekuwa na sifa kamili."

"Ungempa?"

"Juzi utepe ulikuwepo."

"Na leo?"

"Leo pia upo."

Nikamwendea Feruzi mlangoni. Huyu kijana amekula vitumbua vya mke wangu tangu hajaota meno. "Mwanangu, sogea kidogo tu. Nitapitisha mkono chini ya utepe. Sitaugusa."

Akaanza kulia, rungu mkononi. "Baba, wameniambia ua likipinda tu nalala ndani. Nina mama mimi."

"Na huyu pale kwenye benchi ni nani wako?"

Alizidi kulia. Lakini hakusogea. Mtu anaweza kulia na asisogee, hilo nililijua siku hiyo.

Nilimkimbilia Tindwa. Nilimkuta amelala kwenye kile kitanda cha zahanati, akijaribu usalama wake.

"Mzee Ngwali, nakuonea huruma kama mtu binafsi," alisema, anavaa koti. "Lakini nikiwa Mtendaji sioni mgonjwa. Mkeo ni mwananchi wa mfano. Mwananchi wa mfano hawezi kuumwa."

"Basi nifungulie barabara nimpeleke wilayani. Gari la mwenye mashine ya kusaga lipo."

"Gari! Kwenye kifusi kibichi! Matairi yatachora mistari, Waziri ataikuta barabara imetumika! Wewe ungependa mgeni akute kitanda chako kimetumika?"

Nilimtazama, nikakitazama kitanda. Nikaondoka.

Tulimbeba kwa machela, mimi na majirani wanaume, kupitia bondeni, tope likitufika magotini. Barabara ilikuwa juu yetu muda wote, nyekundu, nyoofu, haina hata alama ya kuku. Siwatu alifuata nyuma ameshika ndala za Mwanamvua, akisema, "Atazihitaji akifika." Mwanamvua alikuwa anazungumza na vitumbua vyake, anavihesabia wateja ambao hawakuwepo. Mara moja tu alinijua.

"Baba Shani, Siwatu kameza?"

"Bado."

"Mwambie ameze bwana," akasema kwa kuudhika kidogo, kama mtu anayekumbusha chumvi.

Hatukufika wilayani.

Tindwa alikuja kutoa pole akiwa na tai. Aliniambia kifo kimekuja wakati mgumu sana kwa ratiba, kwa sababu hatimaye mgeni rasmi amethibitisha. Akaomba kilio kiwe cha ndani ndani. Kuhusu chanzo, alisema waraka wa wilayani unaelekeza iandikwe kuwa marehemu alifariki bila dalili. "Ni kwa heshima yake," akasema. "Amekwenda akiwa na sifa kamili."

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mahali alipokuwa akimwaga majivu. Watu walilia kwenye mikono yao, kama walivyoagizwa.

"Na nafasi yake ya mwananchi wa mfano," Tindwa akaninong'oneza kaburini hapohapo, "utaichukua wewe. Ila usitaje kwamba ni nafasi ya marehemu. Itatia doa."

Nilikubali. Nyinyi mtadhani niliogopa. Nilikubali kwa sababu tulikuwa tumeahidiana kumeza mbele, Siwatu akiona.

Mheshimiwa Waziri alifika na magari ambayo mwisho wake hatukuuona upesi. Baada ya gari la mwisho kupita, barabara ilirudi kuwa mashimo yaliyounganishwa na vumbi, ila sasa kwa tope.

Alihutubia. Alisema malaria ni adui, lakini ni adui mwenye bahati mbaya, maana amekutana na serikali hii. Alisema yeye mwenyewe tangu ateuliwe hajaumwa hata siku moja, na huo ndio ushahidi wa sera. Alisema mgonjwa ni mzima aliyechelewa. Hapo makofi yalidumu mpaka msaidizi wake akatupa ishara ya kuacha.

Akakata utepe. Mkasi ulikuwa butu, akausagasaga utepe kama anakata mguu wa ng'ombe, mwishowe Feruzi akaukata kwa meno. Mbaruku akamletea kidonge kwenye sahani. Waziri akakiweka mdomoni, akanywa maji ya chupa, akakunja uso kizalendo. Kisha akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akajifuta midomo taratibu, akakikunja, akampa msaidizi wake.

Kidonge kilikuwa ndani ya kitambaa. Mimi nilikuwa ninamtazama kutoka karibu. Lakini hata waliokaa nyuma waliona, hata watoto. Kamera tu ndizo hazikuona, maana zilikuwa zimeelekezwa kwenye mkasi.

"Mwananchi wa mfano!" Tindwa akaita.

Nikasogea. Nikaweka kidonge mdomoni. Kilikuwa kichungu, na sikukionea ajabu. Nikanywa maji. Nikameza. Nikatoa ulimi, nikamgeukia Siwatu nikamwonyesha ulimi mzima.

"Kitambaa!" Tindwa ananinong'oneza, jasho linamtoka. "Mzee Ngwali, kitambaa!"

"Sina."

"Shika changu!"

"Nimeshameza."

"Umemeza nini?"

"Dawa."

"Yote?" Alinitazama kama nimemeza kipaza sauti. "Mbele ya Waziri? Unataka aonekane yeye hakumeza?"

Lakini watu wa Kitopeni ni watiifu. Walikuwa wamefundishwa: hatua kwa hatua, kama mgeni rasmi. Mstari ukaanza kusogea. Kidonge mdomoni, maji, kunja uso, kitambaa. Wanawake walijifuta kwa pindo la khanga na kulipiga fundo. Wanaume walijifuta kwa mikono ya mashati. Mzee mmoja asiye na kitambaa aliazima kofia ya mwenzake. Wote waliamini kwamba huo ndio utaratibu wa dawa mpya, kwamba kidonge hukaa mdomoni kidogo, kikaacha nguvu zake, kisha kikapumzishwa kwenye nguo. Mbona njugu hatukuzifanyia hivyo? Njugu hazikuwa na mgeni rasmi.

Tindwa akaanza kuita majina kutoka orodha ileile ya mazoezi, na umma ukajibu kama ulivyofundishwa.

"Siwatu binti Mwinyi!"

"Amemeza!"

"Feruzi Magoma!"

"Amemeza!"

"Mwanamvua binti Shomari!"

"Amemeza!"

Sauti ilikuwa moja, ya furaha, tena safari hii ilitoka vizuri kuliko zote. Hakuna aliyekusudia. Ilikuwa mazoea tu. Siwatu peke yake ndiye aliyejiziba mdomo, baadaye, wakati neno limekwishatoka. Bendi ikapiga.

Waziri akafurahi. Akatukabidhi bendera ndogo yenye nyuzi za dhahabu, imeandikwa Kijiji Kilichomeza Chote, na jioni redio ikasema Kitopeni hakuna hata mtu mmoja aliyekosa. Vile vidonge vya wanaume vilidondoka njiani, kuku wakaokota. Usiku ule, ukiniacha mimi, kuku wetu walikuwa ndio raia pekee wa Afueni waliokingwa kikamilifu.

Sasa, dawa ile haikuwa ya kidonge kimoja. Kila mtu alipewa pakiti amalizie nyumbani siku zinazofuata, pasipo bendi. Kesho yake nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba, karibu na kikaangio kilichopoa, pakiti yangu mkononi, Siwatu akaja. Hakununua kitu, hapakuwa na kitu.

"Shemeji," akasema, "ile jana uliimeza kweli?"

"Kweli."

"Hukuumwa tumbo?"

"Kichefuchefu kidogo. Sijui ni cha dawa au cha hotuba."

Hakucheka. Alifungua fundo la khanga. Kidonge chake cha jana kilikuwamo, kimeshika rangi ya khanga kidogo.

"Waziri mwenyewe alikitema," akasema.

"Waziri amekwenda kulala kwenye kiyoyozi. Wewe unalala wapi?"

Akakaa kwenye kigoda, palepale alipozoea kukaa asubuhi nzima. "Mie ndio stendi," akasema polepole. "Labda yule mbu wa Mama Shani alipakia kwangu."

"Siwatu, acha."

"Naomba maji, shemeji."

Akameza. Akatoa ulimi bila kuambiwa, akalia ulimi ukiwa nje. Jioni akaja na wifi yake. Kesho yake wakaja wanawake wengi na mafundo yao, na wanaume waliokwenda kumlilia Mbaruku awape tena kutoka kwenye yale makasha yaliyobaki. Walikaa mbele ya nyumba yangu wakameza, hakuna hotuba, hakuna utepe, hakuna aliyekunja uso kizalendo. Walikunja kwa uchungu.

Mnajua haikupita muda nikaitwa ofisini. Alikuwepo Tindwa na afisa kutoka wilayani. Kosa langu lilikuwa kuendesha umezaji wa hadhara usio na mgeni rasmi.

"Mlizindua nini pale?" afisa akauliza.

"Hatukuzindua. Tulimeza."

"Watu wengi hivyo wakameza tu, hivihivi? Mgeni rasmi alikuwa nani?"

Nikafikiri. Kweli watu walikuja kwa ajili ya mtu.

"Mke wangu," nikasema. "Mwanamvua binti Shomari."

Tindwa akaruka. "Afande, huyu mzee amechanganyikiwa! Mke wake si..."

Akakatiza hapohapo. Nyuma yake ukutani ilining'inia ile bendera ya nyuzi za dhahabu.

"Mke wake si nini?" afisa akauliza.

Tindwa akanitazama. Nami nikamtazama, kwa heshima zote anazostahili Mtendaji.

"Mke wake si mtu wa kujikweza," akasema, anajifuta uso kwa kitambaa. "Ndiyo nilichotaka kusema. Ni mama wa watu, afande."

"Hali yake?"

"Mzima. Mzima kabisa. Hana dalili yoyote."

"Na dawa alimeza?"

"Alimeza, afande. Kijiji kizima ni shahidi. Redio ilisema."

Afisa akafunga kalamu. "Basi hapa hakuna kesi. Mgeni rasmi alikuwepo. Mzee, nenda nyumbani, na huyo mama umpe salamu zangu."

Nilizipeleka. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye majivu, nikamwambia serikali inamsalimu na inasema yeye ni mzima. Halafu nikampa habari yenyewe: Siwatu amemeza.